Nimeurudia msimu wa 3 wa Sailor Moon. Lile pambano la mwisho mnalionaje?

fundi_gungu (Kigoma)

Habari zenu wadau. Kabla ya yote: natoboa kila kitu cha msimu huu. Kama hujaumaliza ishia hapa, usije ukanilaumu.

Desemba hii mtoto wa kaka yangu amekuja likizo kwangu, Gungu. Ana miaka 11. Kwa sisi mafundi cherehani Desemba ni mwezi wa sare. Kila mzazi anataka sketi ya marinda iwe tayari kabla shule hazijafunguliwa, na kila mzazi anaapa yeye ndiye aliyetangulia kuleta kitambaa. Basi mimi napanga marinda, yeye kaweka laptopu pembeni ya meza ya kukatia, tunaangalia Sailor Moon S. Umeme ukikatika nawasha pasi ya mkaa, laptopu inaendelea mpaka betri iishe, baada ya hapo yanaanza maswali.

Kwa wasioufahamu: Sailor Moon ni katuni ya Kijapani ya Usagi, msichana wa shule anayegeuka Sailor Moon na kuilinda dunia pamoja na wenzake. Huu ni msimu wa 3 kati ya 5, ulirushwa Japani kuanzia Machi 1994 hadi Februari 1995, sehemu 38. Ndimo wanamoingia Haruka na Michiru, yaani Sailor Uranus na Sailor Neptune, halafu Hotaru, yule mtoto mgonjwa ambaye ndani yake amelala Sailor Saturn.

Mara ya kwanza niliuona kwenye DVD za kuchoma, nikiwa sekondari. Diski ya katikati ilikuwa na mikwaruzo, ikifika mahali inaganda, unaitoa, unaifuta kwa kanga, inaganda palepale. Kwa hiyo mwanzo niliujua na mwisho niliujua. Katikati nimeiona mwaka huu, na hiyo katikati ndiyo iliyonileta hapa.

Kuna wale Witches 5, wanawake wanaomfanyia kazi Profesa Tomoe, adui wa msimu huu na baba yake Hotaru. Ni ofisi kabisa: kuna bosi anayepiga simu, kuna anayemwonea wivu mwenzake, kuna anayetaka cheo. Sasa angalieni wanavyokufa. Eudial, mwenzake Mimete anamharibia breki za gari. Mimete naye anajiingiza kwenye mashine ya umeme ili atokee mkubwa kwenye skrini, Tellu anakuja taratibu, anachomoa waya kwenye soketi. Basi. Kaishia humohumo. (Mtoto alicheka mpaka akapaliwa. Anasema, shangazi, huyu kafa kwa kukatika umeme. Nikamwambia kwa hesabu hiyo Kigoma tungekuwa tumeshakwisha.) Tellu anamalizwa na mmea wake mwenyewe, Viluy na vimashine vyake mwenyewe, Cyprine na mwenzake Ptilol wanapigana kwa uchawi wao wenyewe. Hakuna hata mmoja aliyemalizwa na pigo la Usagi au wenzake. Wanamalizana wao kwa wao, au zana zao zinawageuka.

Hamieni upande wa pili. Haruka, Michiru na mwenzao Setsuna (Sailor Pluto) wanaamini Hotaru lazima auawe kabla Saturn hajaamka, maana akiamka dunia imekwisha. Usagi hataki. Wanafichana mambo, wanatishana, wanapitana bila salamu. Halafu Usagi anafanya lile jambo: anamkabidhi Mistress 9, adui aliyeuvaa mwili wa Hotaru, Kikombe Kitakatifu kinachompa nguvu zake za juu, kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu anaamini Hotaru bado yumo ndani ya mwili ule. Kikombe kinaharibika, nguvu zake za juu zinakwisha, na dunia inabaki inaning'inia. Mwisho anajitosa ndani ya Pharaoh 90, adui mkuu anayetaka kuimeza dunia, anatoka na Hotaru akiwa kichanga.

Halafu inakuja sehemu ya 126, ukihesabu tangu msimu wa kwanza. Vita vimekwisha, adui hayupo, na Haruka na Michiru wanamwita Usagi wapigane. Kila ninapopita watu wanasema kipande hicho ni cha kujazia muda. Mimi naona ndicho kimeubeba msimu. Kwa watu wa Tomoe, ugomvi wa kazini unaishia kwenye breki na soketi, kimyakimya, na kesho yake mwingine anakalia kiti. Hawa wamepishana juu ya jambo zito kuliko vyeo vyote, uhai wa mtoto, na hawakumvizia mwenzao. Walingoja adui aishe, wakamwita waziwazi, wakamwambia usoni kwamba ulichokifanya hatukikubali. Wakapigana naye, wakamkubali, wakaondoka zao.

Nyie mnalionaje? Na swali la pili ni la mtoto: tukimaliza hapa tuingie SuperS, yaani msimu wa 4, au tuangalie ule mpya wa Crystal, uliotengenezwa upya tangu mwanzo?

---

kibirizi_alfajiri

Dada fundi, wewe umezama. Mimi ni mtu wa katuni za ngumi, Sailor Moon niliangalia kwa sababu rimoti ilikuwa mikononi mwa dada zangu, na dada zangu hawakuwa watu wa kujadiliana nao. Lakini msimu huu naukumbuka vizuri.

Pambano lile, hapana. Mtu katoka kuiokoa dunia, hajala, hajalala, unamwita umpige? Ni sawa na abiria aliyekaa kimya boti inapigwa mawimbi, ikishatia nanga Kibirizi anamvaa nahodha kwamba angepita njia nyingine. Na tukumbuke wao ndio waliokuwa tayari kumuua mtoto ambaye hajamkosea mtu. Ujasiri wa kumsimanga mwenzao wameutoa wapi? Ningekuwa Usagi nisingetokea. Wangesubiri hapo mpaka wachoke.

Ila hilo la soketi nimecheka peke yangu, jamaa wamenigeukia.

---

fundi_gungu

Walikaa kimya wapi? Msimu mzima wanapiga kelele, Usagi hasikii. Huyo abiria wako alisema tangu bandarini, nahodha akaziba masikio, na boti nusura izame kweli. Kufika salama hakumfanyi nahodha awe alikuwa na hesabu. Alikuwa na imani, na imani yake ilitokea kuwa ya kweli. Haruka anachouliza ni kimoja tu: je, ingekuwa si ya kweli?

---

mwl_cheyo (Tabora)

Nawasalimu kutoka Tabora. Mimi nafundisha, na wanafunzi wangu wakijua ninavyoupenda msimu huu heshima itapungua darasani, kwa hiyo haya yabaki humu.

Fundi, hoja yako ya Witches 5 sijawahi kuikuta kwa mtu, na nikiipitisha kichwani inakaa. Naiongezea nguvu. Pambano la sehemu ya 126 halimo kwenye manga, yaani vitabu vya katuni vya Naoko Takeuchi ambavyo ndivyo asili yake. Huko baba yake Hotaru anakufa, na kile kichanga wanaondoka nacho Haruka, Michiru na Setsuna, wakakilee wenyewe. Waliolitia pambano ni watu wa katuni, chini ya mwongozaji Kunihiko Ikuhara, na Ikuhara ugomvi wa watu wanaohitajiana ndiyo shamba lake. Mwaka 1997 alitoa Revolutionary Girl Utena, humo watu wanapigana kwa panga karibu kila wanapokutana. (Mtoto wa miaka 11 asubiri hiyo. Ina mambo ya wakubwa.)

Kibirizi, wewe umeisahau sehemu ya 110. Haruka na Michiru wanatafuta Talismani tatu zilizofichwa ndani ya mioyo ya watu, na anayetolewa Talismani anakufa. Wameshakubali kwamba watu fulani watakufa ili dunia ipone, na wanaishi na hilo; njiani Haruka anaitazama mikono yake anasema imeshachafuka, Michiru anamjibu kwamba yeye anaipenda mikono hiyo. Kisha Talismani zinapatikana wapi? Moja ndani ya Michiru, nyingine ndani ya Haruka. Haruka akishaona cha mwenzake kimetoka, anajielekezea bunduki ya Eudial yeye mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha. Setsuna ndiye anayewarudisha.

Kwa hiyo bei waliyotaka kumtoza Hotaru wao walishailipa. Ndiyo maana siwezi kuwaita wanafiki. Wakatili, sawa.

Nyongeza ndogo: kama DVD zako zilikuwa za Kiingereza cha Marekani, kile cha mwaka 2000, uliwajua kama Amara na Michelle, na uliambiwa ni binamu. Kwenye Kijapani si binamu, ni wapenzi. Ukiwafanya ndugu, nusu ya sehemu ya 110 haieleweki wanalilia nini.

Swali la mtoto: SuperS ina sehemu 39, na Haruka, Michiru, Setsuna na Hotaru hawamo kwenye mfululizo wake. Wanarudi mwanzoni mwa Sailor Stars, msimu wa 5. Crystal msimu wa 3, wa mwaka 2016, ni sehemu 13 tu na unafuata manga. Unakwenda mbio. Hao wachawi wako wa ofisini hutapata nafasi hata ya kuwazoea.

---

bibi_maembe (Ujiji)

Mimi sina la pambano. Nataka kusema la Hotaru.

Niliuangalia na binti yangu. Ile sehemu Hotaru anakutana na Chibiusa, binti wa Usagi kutoka siku zijazo, Chibiusa ana mchubuko, Hotaru anaweka mkono juu yake unapona. Badala ya kufurahi, mtoto wa watu anaogopa, kwa sababu amezoea wenzake wakiona hivyo wanamkimbia. Halafu anaanguka, anashika kifua, watu wanatazama pembeni. Binti yangu akasema, mama, kama fulani. Darasani kwao kuna msichana anaanguka kifafa. Kumbe wanamkalisha peke yake, dawati la mwisho, wanasema mate yake yanaambukiza. Mwaka mzima sikuwa na habari. Kifafa hakiambukizi, lakini nenda kawaambie watoto walioambiwa na bibi zao.

Nilikwenda kwa mwalimu wa darasa. Dawati lilibadilishwa. Hao wanaosema Haruka alikuwa na hesabu, sawa, mimi hesabu hiyo nimeiona inavyofanya kazi, inaanzaga na kumtenga mtoto mmoja kwa faida ya wengi.

---

fundi_gungu

Bi Ujiji, shikamoo. Hapo umenibana, na nimesoma ujumbe wako mara mbili kabla ya kugusa kitufe. Sikatai. Kama ningepewa kupiga kura kuhusu Hotaru ningempigia Usagi, tena bila kufikiri. Ninachomtetea Haruka si ile hesabu, ni kwamba hesabu yake aliisema hadharani, mtu akaweza kuipinga. Wanaokaa na mtoto dawati la mwisho hawasemi, wanafanya tu. Huyo mwalimu wa darasa angeulizwa mapema angejibu hata hajui ilikuwaje.

Na angalieni wanavyomaliza. Kwenye katuni Profesa Tomoe anapona, kumbukumbu zimefutika, na Haruka na Michiru ndio wanaompelekea kile kichanga. Watu walewale waliotaka kukiua. Mtoto wa kaka aliuliza, hawaoni aibu? Nikamwambia wanaona, ndiyo maana hawakai.

Mwalimu, ndiyo, ni Amara na Michelle hasa, na Usagi alikuwa Serena. Binamu! Kaka yangu alikuwa anapita sebuleni anauliza mbona hawa binamu wanatazamana hivyo. Mama akamfukuza.

Crystal tutaiacha kwa sasa. Kama wachawi wanapita mbio mimi sina cha kuangalia humo, nilichokipenda ni kule kuzubaa kwa katikati, bosi anapiga simu, mtu anapanga kumharibia mwenzake gari. Tutaingia SuperS taratibu, mtoto nimeshamwambia Hotaru hayumo, kanuna, kisha kaomba fidia: nimshonee nguo ya Sailor Saturn.

Kwa mafundi waliomo humu: sketi na kola ni zambarau, riboni ni damu ya mzee, mikono imekatwa kama petali za ua zinazopandiana. Kola ya kibaharia si shida, nimezishona nyingi za chekechea. Shida ni marinda. Kwenye katuni akiruka yanafunguka yote kwa pamoja kisha yanarudi kila moja mahali pake. Tetroni ukiipiga pasi ya mkaa vizuri, na kitambaa chenye maji kidogo juu yake, rinda linasimama kama karatasi, halifunguki mpaka ulikalie. Satini inafunguka lakini hairudi. Nimejaribu kuchanganya, tetroni juu ya mshono mpaka nusu, chini nimeacha bila pasi, na imeanza kutii. Urefu nimeshusha mpaka gotini, hilo halina mjadala, baba yake atakuja kumchukua.

---

mwl_cheyo (Tabora)

Rinda la nusu tunaomba picha. Na ule mkuki wa Saturn?

---

fundi_gungu

Mpini wa fagio. Makali ya boksi la katoni. Kesho nakwenda sokoni Mwanga kutafuta rangi ya kupulizia.

---

kibirizi_alfajiri

Nimeomba dada zangu watafute hiyo sehemu ya 110, wamekubali haraka mpaka nikaogopa. Nitaiangalia leo usiku. Ya 126 msinilazimishe.