Baiskeli inalia ukikanyaga: tupeane uzoefu wa kuisaka sauti

Isevya, Tabora (mleta mada)

Wakuu, kiangazi ndicho hiki, mchanga unaingia kila tundu la baiskeli. Tuwekeane hapa namna ya kuisaka sauti, maana watu wanabadilisha vifaa vizima bure. Kosa la kwanza ni kushika spana kabla ya kusikiliza. Fremu ya chuma inasafirisha sauti: kiti kinalia, mtu anaapa ni pedeli.

Ukiwa kwenye mwendo, acha kukanyaga baiskeli ijiendee. Sauti ikiendelea, anza na magurudumu, madigadi na breki. Ikikata, simama juu ya pedeli ukanyage bila kukalia kiti. Ikipotea hapo, kaza nati za kiti na utie tone la oili kwenye springi zake, umemaliza.

Ikibaki, hesabu. Mlio mmoja kwa kila mzunguko wa pedeli unatoka kwenye pedeli zenyewe, krenki (mikono inayoshika pedeli), ekseli ya kati au sproketi la mbele (duara lenye meno). Milio miwili na kitu kwa mzunguko mmoja ni ya gurudumu la nyuma, kwa sababu ukiwa na meno 48 mbele na 20 nyuma, gurudumu linazunguka mara 2.4 kila pedeli inapozunguka mara moja. Mlio unaokuja kwa kuchelewa ni wa cheni. Cheni ya pingili 112 kwenye meno 48 inarudi ilipoanzia baada ya mizunguko 2 na theluthi moja. Hapo kuna pingili iliyokaza: zungusha pedeli kinyumenyume polepole, itazame inapotoka kwenye friwili (sproketi la nyuma linaloachia ukiacha kukanyaga), utaiona inabaki imekunja goti. Itie oili, uikunje kwa mikono kushoto na kulia mpaka ilegee.

Mwanga, Kigoma

Umesema vizuri mkuu. Huku kwetu kwenye mlima wa kutoka stesheni kupanda Mwanga, mlio unaoongoza ni "tak" moja nzito mguu unapoanza kusukuma. Hiyo ni kotapini, yaani pini inayobana krenki kwenye ekseli ya kati, usihangaike na pedeli.

Namna ya kupima: weka krenki zilale sawa na ardhi, funga breki, kandamiza pedeli zote mbili kwa pamoja. Zungusha nusu mzunguko, kandamiza tena. Krenki moja ikishuka kidogo huku nyingine imetulia, pini yake imelegea. Ukiitoa utaona upande wake bapa una kovu linalong'aa, limechimbika kama ukucha ulivyobonyeza sabuni. Pini yenye kovu hilo haifai kukazwa upya, nunua nyingine. Nenda na ya zamani dukani, kwa sababu ziko za milimita 9 na za 9.5, na ukiilazimisha isiyo yake utaharibu tundu la krenki.

Kuifunga ndipo wengi wanapokosea. Nati haina nguvu ya kuivuta pini, kazi yake ni kuizuia isirudi. Kinachoingiza ni nyundo. Simamisha kipande cha bomba la chuma chini ya krenki, likae sakafuni, ndipo ugonge. Bila bomba, kila pigo linapokelewa na goroli za ekseli na kuchimba vikombe vyake, na hapo umejitengenezea mlio mwingine. Gonga, kaza nati, gonga tena, kaza. Pini mbili zielekee kinyume: krenki zikiwa wima, nati moja itazame mbele na nyingine nyuma. Ukizielekeza upande mmoja, krenki hazitanyooka. Baada ya siku moja ya kazi rudia kugonga na kukaza, hata kama iko kimya.

Kanyenye, Tabora

Naongezea pedeli. Ikilia "kwi" upande mmoja tu, ifungue, futa nyuzi zake (mikato ya skrubu) kwa kitambaa, paka grisi, rudisha. Spana ni namba 15. Ya kulia inafunguka kawaida, ya kushoto inafunguka kinyume, yaani unazungusha kama unayekaza. Vijana wengi wameua nyuzi za krenki ya kushoto hapo.

Wanaobeba mkaa: kagua bolti za keria pale miguu yake inaposhikana na ekseli ya nyuma. Mzigo unayumba kila unapokanyaga, kwa hiyo sauti inafuata mguu na kukudanganya kabisa. Shusha gunia, jaribu baiskeli ikiwa tupu.

Gungu, Kigoma

Jamani, mafuta gani yanafaa kwenye cheni? Huku watu wanapaka mawese.

Ujiji, Kigoma

Mawese hapana, ndugu yangu. Asubuhi ya ubaridi yanaganda, mchana yanayeyuka na kunata, na vumbi likishika pale linakuwa tope linalosaga pini za cheni. Safisha kwa mafuta ya taa na mswaki, kausha, tia tone moja la oili nyepesi kwa kila pingili, kisha futa ya nje yote kwa kitambaa. Oili inatakiwa ndani ya pingili, juu haina kazi. Friwili nayo ipewe oili nyepesi. Ukiijaza grisi, vile vimeno vya ndani vinakwama na pedeli itazunguka bure mlimani.

Na mpime cheni kwa rula. Pingili 24, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, ni milimita 305 ikiwa mpya. Ikifika 307, badilisha. Ukisubiri 308 na kuendelea, imeshakula meno, na cheni mpya juu ya meno mabovu italia na kuruka vilevile. Ukifunga klipu ya kiungo kinachounganisha ncha mbili za cheni, mdomo wake utazame nyuma cheni ikiwa juu, isije ikachomoka.

Isevya, Tabora (mleta mada)

Nilisahau spoki. Zinalia "tin, tin" pale zinapopishana, hasa gurudumu la nyuma lenye mzigo. Zibane mbilimbili kwa mkono kuzunguka gurudumu zima. Iliyolegea utaijua kwa kidole. Kaza robo mzunguko tu kwa wakati mmoja, ukiangalia ringi isipinde, na tia tone la oili kwenye kila makutano.