Tupeane uzoefu: hedhi ilipokoma, mifupa yenu ilikuwaje?

Mama Pacha: Leo nimemwona mama anashuka ngazi kinyumenyume, kaushika ukuta kwa mikono miwili, nikajikumbuka. Hedhi ilikoma nikiwa na miaka 47. Joto la usiku nililivumilia, nikajua yameisha. Miaka sita baadaye nainama kufunga kiatu, mgongo ukalia ko! Nikajichua wiki tatu nzima. Kumbe pingili ya mgongo imebonyea. Kipimo cha mifupa kikasoma -3.1, na kuanzia -2.5 kushuka ndiyo osteoporosisi, yaani mifupa imedhoofika na inavunjika kirahisi. Kinachoniuma: nilishapungua urefu sentimita 4, nguo zinaburuza chini, mimi nalaumu fundi! Nyie wenzangu?

Bibi Z: Hilo la nguo kuburuza hata mimi.

Subira: Nilianza homoni nikiwa na 51 kwa sababu ya joto, mifupa nayo ikalindwa humo humo. Estrojeni, ile homoni ya kike, ndiyo breki ya zile seli zinazokula mfupa. Ikiondoka, miaka ya mwanzo mfupa unakwisha mbio. Usingoje uvunjike.

Mama wa Watatu: Homoni hizo za saratani? Mwaka 2002 ulipotangazwa utafiti kuwa zina hatari, nilizitupa zote siku ile ile.

Subira: Dada, utafiti ule wa Marekani, Women's Health Initiative, wastani wa umri wa wanawake waliochunguzwa ulikuwa miaka 63. Hatari ya saratani ya titi na kiharusi ilionekana, sikatai. Lakini kuvunjika nyonga kulipungua kama theluthi. Mbona hilo hulisemi?

Mama wa Watatu: Kwa sababu mdogo wangu alipata saratani ya titi. Usinifundishe.

Subira: Pole sana, dada. Aliyewahi kuipata kweli hapewi. Nilikuwa nasemea sisi wengine.

Neema ya Usiku: Naombeni mnisikilize. Nilitolewa ovari zote mbili, vile vifuko vya mayai vinavyotoa estrojeni, nikiwa na miaka 36. Nikaruhusiwa kwenda nyumbani, hakuna aliyetamka neno homoni. Nikiwa na 44 nikateleza bafuni, mtelezo mdogo tu, mguu ukageukia nje. Nililala sakafuni kwa muda wa saa nne naita mtoto wangu, sauti haitoki. Nyonga. Daktari wa pili ndiye aliniuliza, "Miaka yote hii ulikuwa unatumia nini?" Nikalia mbele yake.

Bibi Z: Jamani. Pole mwanangu.

Mama Pacha: Nimesoma mara tatu. Ulipaswa kupewa homoni mpaka umri wa kawaida wa hedhi kukoma, labda kuwe na sababu ya kukukataza.

Asha K: Mwenye kizazi asimeze estrojeni peke yake, aongezewe projesteroni, homoni nyingine ya kike, la sivyo ukuta wa kizazi unanenepa vibaya. Na kibandiko cha homoni cha ngozini hakigandishi damu kama kidonge.

Bibi Z: Tembeeni tu, kila siku.

Asha K: Kutembea peke yake hakutoshi, bibi. Nyanyueni vitu vizito.

Mama Pacha: Mwenye pingili iliyobonyea asinyanyue kitu kabla hajaelekezwa!

Kimya: Mimi niliacha homoni, na kinga ya mifupa ikaondoka nazo. Sasa nameza kidonge cha mifupa, mara moja kwa wiki: tumbo tupu, maji glasi nzima, nusu saa silali.

Mama wa Watatu: Neema, sasa hivi unatembea?

Neema ya Usiku: Kwa fimbo. Ila natembea.