Kuingia kaya za Wamijikenda: mavazi, picha, utaratibu

MsafiriMsa: Hamjambo? Tuko 12, watoto 3 miongoni mwetu. Tunataka kwenda kwenye kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda wa pwani ya Kenya: Kaya Kinondo, halafu Kaya Fungo upande wa Kaloleni. Tuvae nini, picha zinaruhusiwa, na lazima mwongozaji?

MwanaKwale: Karibuni. Mwongozaji ni lazima. Kinondo iko kusini ya Diani, ina takriban hekta 30, na wenyeji wameshazoea kupokea wageni. Lipeni ofisini kwao, mtapewa kaniki ya kujifunga kiunoni, wake kwa waume. Msiivue mpaka mtoke. Kofia ivuliwe. Kukumbatiana na kubusiana ndani hakuna, hata kwa mke na mume.

Chini ni mwamba wa matumbawe na mizizi iliyojitokeza, kwa hiyo vaeni viatu vya soli ngumu. Ndara hukatika na mguu huchanika. Watu 12 kwenye kinjia kile ni wengi: wa nyuma hawamsikii mwongozaji, wanakatiza pembeni na kukanyaga miche. Gawanyikeni makundi mawili, kila moja na mwongozaji wake, watoto wakae mbele.

Na jambo linalowaponyoka wengi: usitoke na chochote. Si jani, si kijiti kikavu, si kombe. Kuni zilizoanguka zenyewe pia haziokotwi. Msitu huu umesimama kwa sababu ya mwiko huo. Ukiuvunja kwa kijiti kimoja, watoto wanaokutazama wameshajifunza.

Mwana_wa_Kaloleni: Kaya Fungo msiichukulie kama Kinondo. Ni kaya ya Wagiriama, mojawapo ya jamii za Wamijikenda, yenye wazee wake, na matambiko yanaendelea. Mtangulizeni mtu azungumze na wazee siku kadhaa kabla. Aulize siku, ada, na kama mtatakiwa kuvua viatu mlangoni. Wiki ya Kimijikenda ina siku 4, kwa hiyo Jumamosi iliyofaa mwezi uliopita huenda isifae safari hii.

Picha: omba kila mahali upya. Ruhusa ya kupiga mti si ruhusa ya kupiga kaburi. Fingo, yaani dawa ya kuikinga kaya iliyofukiwa ardhini, usiulize ilipo.

Mkipita kwenye maboma ya watu mkaona vigango, nguzo za kuchonga za kuwakumbuka marehemu wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiriama, msiguse wala kuegemea. Kigango kikishasimikwa hakihamishwi, hata kikiliwa na mchwa. Vingi viliibwa vikauzwa mpaka Marekani, ndiyo maana mgeni anayeuliza bei huamsha shaka papo hapo. Wenye haki ya kushuku ni wao.

MsafiriMsa: Asanteni sana. Kaya zote mbili siku moja zinawezekana?

MwanaKwale: Hapana. Moja iko kusini ya Likoni, nyingine kaskazini-magharibi ya Mombasa. Mkichelewa mtawafikia wazee jioni, mkiwa na haraka. Wekeni siku mbili.

Mwana_wa_Kaloleni: Naunga mkono. Anzeni na Kinondo, watoto wazoee kunyamaza.