Mombo, Lushoto mpaka Mtae na baiskeli ya changarawe: gia 34 kwa 28 itatosha?

Mwanachumbageni
Wakuu habari zenu. Mimi niko Tanga mjini, naendesha mwaka wa tatu sasa, safari zangu nyingi ni tambarare, Tanga Pangani, Tanga Muheza, mlima wa maana niliowahi kupanda ni ule wa Amani kutokea Muheza na pale nilishuka nikasukuma mara mbili. Sasa mwisho wa mwezi wa sita nina likizo ya siku nne, nataka nianzie Mombo nipande Lushoto nilale, kesho yake nitoke Lushoto mpaka Mtae, nilale tena, halafu nirudi njia ileile. Baiskeli ni ya mtumba ila fremu nzima kabisa, breki za diski za waya, mbele meno 50 na 34, nyuma 11 mpaka 28, tairi za upana wa milimita 35. Mimi nina kilo 78 na mzigo kama kilo 6. Nauliza gia itatosha au nibadilishe? Na presha ya tairi niweke ngapi maana barabarani huwa najaza mpaka jiwe. Natamani sana kufika Mtae nikiwa juu ya pedeli, marehemu babu yangu alikuwa anaisimulia sana ile sehemu na mimi sijawahi kukanyaga.

FundiSpoki
Karibu mkuu. Tuanze na gia. Ukiwa na 34 mbele na 28 nyuma, kila ukizungusha pedeli mara moja unakwenda kama mita 2.6. Sasa kwenye mlima mkali wa vumbi utakuwa unatambaa kilomita 6 kwa saa, hapo miguu inazunguka mara 38 kwa dakika, mzunguko huo ni mdogo mno, goti linaumia na tairi ya nyuma inateleza kwa sababu unasukuma kwa mikupuo. Ukiweka nyuma 34 unapata mita 2.1 na ushee, miguu inafika 46 hivi, bado ni polepole lakini unapumua. Kwa hiyo jibu langu, badilisha. Ila kabla hujanunua kaseti, yaani seti ya meno ya nyuma, angalia ule mkono wa gia ya nyuma, kama ni mfupi wa baiskeli za lami mara nyingi unaishia 28 au 30, ukilazimisha 34 kigurudumu cha juu kinasugua kwenye meno na mnyororo unaweza ukakaza mpaka ukavunja sikio la gia. Tafuta mkono mrefu, kwa wauza mtumba inapatikana, na mnyororo uongeze pingili.

Presha, usijaze jiwe tafadhali. Kwa kilo zako na tairi ya 35 yenye tyubu anza na psi 45 nyuma na 40 mbele, ukishuka chini sana ukigonga jiwe rimu inabana tyubu unapata pancha ya matundu mawili yamekaa kama umeng'atwa na nyoka. Kama fremu inaruhusu 40 weka 40, na bado ibaki nafasi ya kidole kati ya tairi na fremu, utanishukuru ukikutana na tope.

BintiSambaa
Onga mshi kaka Mwanachumbageni, karibu kwetu. Mombo mpaka Lushoto ni lami, kilomita 33, unatoka kama mita 400 unafika 1,400, kwa hiyo ukigawanya si mkali kihivyo ila haupumziki, unapanda tu unapanda tu, pale Soni karibu na maporomoko simama unywe chai ule chapati. Anza saa kumi na mbili asubuhi kabla Mombo haijawa tanuru.

Siku ya pili ndiyo yenyewe. Ukitoka Lushoto unapanda Magamba kwenye msitu, kuna ukungu na baridi ya kweli mwezi wa sita, wewe mtu wa pwani beba koti la upepo na glovu. Lami ikikuacha ndiyo utaijua Usambara, Lukozi, halafu unapanda unashuka, unapanda unashuka mpaka Mtae, jumla ni kilomita 60 na kitu. Watu wanaangalia hizo 60 wanasema ni asubuhi moja tu, hapana, wewe hesabu siku nzima. Na ukitaka kuacha barabara uingie njia za ndani ya msitu wa hifadhi pale Magamba, pitia ofisini ulipie kibali.

Mvua ikinyesha, hata ya nusu saa, ule udongo mwekundu unashika tairi kama ugali wa moto unavyoshika mwiko, unajaa kwenye uma mpaka gurudumu halizunguki. Usilazimishe pedeli, shuka, tafuta kijiti ukwangue, tembea pembeni penye majani. Masika huku ni Machi mpaka Mei, kwa hiyo mwisho wa Juni upo salama zaidi, ila mlima hauna kalenda.

MzeeWaKona
Vijana mnaongea kupanda tu. Mwanangu, kupanda kutakuchosha ila kushuka ndiko kunakoua. Mimi nilishuka Lushoto kwenda Mombo na breki za waya kama zako, nilikuwa nimeshika breki moja kwa moja tangu juu, chini ya Soni nikaanza kusikia harufu kama ya clachi ya lori iliyoungua, nikavuta leva ya mbele ikaja mpaka ikagusa usukani na baiskeli haipungui, mbele yangu kuna Fuso la kabichi limechukua kona nzima. Nikashika ya nyuma kwa nguvu zote, nikaingia kwenye mfereji wa upande wa mlima, goti likachanika lakini nikasimama. Nilivyochomoa pedi ya mbele ilikuwa chuma kitupu, inang'aa kama sarafu mpya.

Kwa hiyo nisikilize. Breki za waya hazijirekebishi zenyewe, pedi ikilika lazima wewe ukaze kile kitufe cha pembeni ya kaliba, ile sehemu inayobana diski, mpaka leva ishike mapema. Pima kila jioni, pedi ikibaki milimita moja badilisha, na beba pea mbili za akiba. Kushuka usishike muda wote, bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, acha diski ipate upepo, bana tena. Kona ya changarawe punguza mwendo wakati baiskeli bado imenyooka, ukishalala usiguse ya mbele. Mikono chini kwenye pembe, makalio nyuma.

Njoro254
Salamu kutoka Eldoret wadau. Mzee amesema ukweli. Huku sisi tunashuka Iten kwenda Kerio, kona baada ya kona, na wapandaji wazuri kabisa wameanguka pale. Sule Kangangi, kapteni wa Team Amani, timu ya waendesha baiskeli wa Afrika Mashariki, aliyefanya vijana wengi wa huku waanze kupenda gravel, tulimpoteza Agosti 2022 kwa ajali kwenye mashindano ya Vermont Overland kule Marekani. Huyo alikuwa profesheno. Tangu siku hiyo kundi letu hakuna anayefukuzana kwa kushuka, tunangojana chini.

Kitu kingine ni chakula bro, usingoje njaa. Lenga gramu 60 za wanga kila saa, ndizi mbivu moja ni kama 25, soda moja ni kama 35, kwa hivyo ndizi na soda ni saa moja imeenda. Maji beba chupa mbili na ujaze kila center unayopita.

Mwanachumbageni
Asanteni sana, na shikamoo mzee. Nimetoka kwa fundi sasa hivi, mkono wa gia wangu ni mfupi kweli, tumepata mrefu wa mtumba na kaseti ya 34. Fremu imekataa 40, imekubali 38. Pedi za nyuma zilikuwa zimebaki kama karatasi na mimi nilikuwa naziendesha hivyohivyo Muheza, nimenunua pea tatu. Swali la mwisho, nimeona kuna njia inashuka kutoka Mtae mpaka tambarare upande wa Mkomazi, niishukie huko badala ya kurudi Lushoto?

BintiSambaa
Kaka safari hii hapana. Ni mkali, mawe yamelegea, na ukifika chini ni joto na maji ni shida, mtu peke yake ukipata tatizo utakaa sana kabla ya kuona gari. Rudi na njia ya Lukozi. Ila jioni ukifika Mtae nenda ukingoni kabla jua halijazama, Mkomazi yote iko chini ya miguu yako na milima ya Upare mbele yako, na anga likiwa safi Kilimanjaro unaiona. Nadhani babu yako alikuwa anasimulia hapo.

Mwanachumbageni
Ndiyo hapo hapo dada. Nitaweka picha.