Mausi ya gemu kwa anayecheza mashindano: ununue au ubaki na uliyonayo? Watu wa Tanga tupeane uzoefu

Mleta mada, Ngamiani

Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni.

Mada hii naileta maana kila tukikaa na vijana wa gemu huku Ngamiani ubishi hauishi, huyu anakwambia mausi ya gemu ni taa za rangi tu unauziwa, yule anakwambia kama huna usihangaike hata kuandikisha timu. Naomba aongee aliyeishika na kuitumia, atueleze imemsaidia wapi na wapi haikumsaidia kitu. Nazungumzia gemu za kompyuta za kulenga, CS2 (Counter-Strike 2) na Valorant hasa, maana huko mkono ndo kila kitu.

Naanza mwenyewe. Nilikuwa na mausi ya ofisi, hizi za elfu kumi zinazouzwa pamoja na flashi na chaja za simu. Kwa kuchapa barua haina neno. Ila kwenye gemu adui akitokea mgongoni navuta mkono kwa nguvu nigeuke, badala ya kugeuka najikuta naangalia mawingu, au inaruka inatua ukutani na mie nishakufa. Ile ni sensa, kile kijicho cha chini ya mausi. Sensa inapiga picha za meza mfululizo kwa kasi kubwa halafu inalinganisha picha hii na inayofuata ili ijue umesogea kiasi gani, sasa ukivuta kasi kuliko uwezo wake picha hazilingani tena, inapotea njia. Sensa kama PMW3360 ya PixArt inahimili inchi 250 kwa sekunde, yaani zaidi ya mita 6 kwa sekunde, na hakuna mtu anayevuta mkono hivyo mezani kwake.

Nikaagiza Logitech G102 ya waya kutoka Kariakoo, ikaja na basi nikaipokea Kange. Kupotea njia kukaisha siku ileile. Hilo peke yake lilinitosha kusema hela yangu imefanya kazi.

Sasa swali langu. Vijana tunapanga mashindano yetu wenyewe, watano kwa watano, na kuna hela nimeiweka pembeni. Roho inaniambia nichukue mausi nyepesi ya wayalesi, isiyo na waya, mfano ile G Pro X Superlight ya gramu 63 hivi, wakati yangu ina gramu 85. Bei yake mnaijua wenyewe. Niende huko au nibaki na hii hii? Aliyepita njia hii aseme.

Chumbageni

Skrini yako ni ya hezi ngapi mkuu, yaani inabadilisha picha mara ngapi kwa sekunde?

Mleta mada, Ngamiani

60 kaka.

Chumbageni

Basi jibu unalo. Mausi ya ofisi inairipotia kompyuta ilipo mara 125 kwa sekunde, kila milisekunde 8. Hiyo G102 yako inaripoti mara 1000, kila milisekunde 1, na hiyo Superlight unayoililia nayo ni 1000, kwa hiyo upande huo huongezi kitu hata kidogo. Skrini ya 60 inakupa picha mpya kila milisekunde 16.7, ya 144 kila milisekunde 6.9. Hapo unapata karibu milisekunde 10 kila picha, na siyo hesabu tu, unaona kwa macho, adui anayepita mlangoni kwenye 60 anaonekana kama anarukaruka, kwenye 144 unamwona anavyopita. Mie nilibadilisha skrini kwanza nikabaki na mausi ileile ya waya na rafiki zangu wakaanza kuniuliza nimefanya nini.

Ila hakikisha kompyuta yenyewe inatoa hizo picha zote kwa sekunde, yaani fremu. Kama inatoa 50 na skrini ya 144 nayo itakaa bure.

Makorora, mwenye chumba cha gemu

Naomba niingie maana mie nawaona wengi wakikaa kwenye viti vyangu.

Kwanza hizi mausi zenye taa saba na maandishi makubwa ya DPI kwenye boksi, yaani hatua ngapi mausi inahesabu ukiisogeza inchi moja. Niliwahi kuchukua kadhaa kwa ajili ya hapa kwangu, muuzaji akaniapia kuwa ni za gemu. Ukiziweka DPI ya chini zinaenda vizuri, ukipandisha mpaka ile namba ya kwenye boksi mshale unatetemeka wenyewe hata mkono umetulia. Maana yake sensa haioni zaidi, programu ya ndani inachukua namba ndogo inaizidisha tu. Toka hapo naulizia jina la sensa kabla ya bei. Muuzaji akikujibu PMW3360, PAW3395, au HERO ya Logitech, mnaendelea kuongea. Akikujibu kuhusu taa, msalimie uende duka la pili.

Pili, DPI kubwa siyo sifa. Wachezaji wakubwa duniani wengi wanatumia 400 au 800 halafu sensitiviti ya ndani ya gemu, yaani unageuka kiasi gani kwa mkono uleule, wanaishusha. Kwenye CS2 ukiweka DPI 800 na sensitiviti 1, kugeuka duara zima unavuta mkono kama sentimita 52. Sasa hapo ndo watoto wanaponichekesha na kunisikitisha, anakuja na mausi nzuri kabisa ya kaka yake, anaweka mipangilio ya bingwa aliyemwona kwenye video, halafu padi yake ya kuwekea mausi ni ile ndogo ya zawadi ya kampuni. Akivuta kidogo tu mausi inaanguka nje ya padi, anainyanyua, anairudisha, keshapigwa. Mie meza zangu zilikuwa zimebanana, nikaondoa kompyuta moja kila mstari ili mtu apate nafasi ya kiwiko, nikanunua padi kubwa za kitambaa zinazoingia chini ya kibodi. Wengi wao walibadilika hapohapo na mausi zilikuwa zilezile.

Kwa anayehama kutoka CS kwenda Valorant, chukua sensitiviti ya CS ugawanye kwa 3.18, mkono utakuta umbali uleule uliouzoea.

Na jamani, kwenye Windows zimeni ile alama ya kuongeza usahihi wa mshale. Ikiwa imewashwa, umbali uleule wa mkono unatoa matokeo tofauti kutegemea umevuta haraka au polepole, sasa mkono utajifunza nini hapo? Gemu zenyewe mara nyingi zinasoma mausi moja kwa moja bila kupitia huko, lakini zima tu uwe na uhakika.

Usagara

Naona wote mnaongea sensa, hakuna anayeongea mkono.

Mie ni mdada, nacheza Valorant, kiganja changu kutoka kifundo mpaka ncha ya kidole cha kati ni sentimita 16 na kitu. Binamu yangu alinipa Razer DeathAdder yake, mausi inayosifiwa dunia nzima tangu 2006, na kweli sensa haina kasoro. Lakini ina urefu wa milimita 127 na mgongo wake umeinuka, nikiishika vidole havifiki vizuri mbele, nabonyeza kwa katikati ya kidole, na kile kitufe cha pembeni lazima nilegeze mkono mzima ndo nikifikie. Nikimaliza mechi kadhaa kifundo kinauma mpaka napika kwa mkono wa kushoto. Nikajaribu G102 ya rafiki yangu, milimita 116, imenikaa kama imekatwa kwa ajili yangu. Nikauza ile kubwa kwa ruhusa ya mwenyewe, nikanunua ndogo ya bei nafuu na chenji ikabaki.

Kwa hiyo kabla hujalipa angalia unashikaje. Wapo wanaolaza kiganja chote, hao ndo mausi kubwa zinawafaa. Wapo wanaokunja vidole kama makucha, wapo wanaoshika kwa ncha za vidole tu kama mie, na huyu wa ncha za vidole ndiye anayefaidi kweli wepesi wa gramu 60 maana uzito wote anaubeba kwa vidole. Mleta mada wewe unashikaje? Kama unalaza kiganja sioni hizo gramu ishirini zitakusaidia nini.

Karibu na Mkwakwani, fundi

Salaam. Mie nazitengeneza, sichezi sana siku hizi.

Huku kwetu ugonjwa unaoletwa mezani kwangu kuliko wote ni kubonyeza mara moja mausi ikahesabu mara mbili. Swichi ya kawaida ndani ina kijibati chembamba cha shaba kinachogusana na kituo chake, kikichakaa au kikishika kutu kinagusa, kinaruka, kinagusa tena, kompyuta inaona mibofyo miwili. Hewa yetu ya bahari na unyevu haisaidii, mausi inayokaa karibu na dirisha la kuelekea baharini naijua nikiifungua tu, skrubu zenyewe zimeshaota kutu. Na skrubu mkizitafuta msilazimishe bisibisi kwenye mikunjo ya plastiki, mara nyingi zimefichwa chini ya vile viraka vyeupe au vyeusi vinavyotelezea mezani. Unavipasha joto kidogo, unavibandua taratibu, ndo unaziona. Swichi natoa ya zamani kwa pasi ya kuchomelea, naweka mpya ya Omron, mtu anaondoka na mausi yake. Gharama ni ndogo sana ukilinganisha na kununua nyingine.

Ukitaka kukwepa kabisa ugonjwa huo zipo zenye swichi za mwanga, kubonyeza kunakata au kuachia mwale ndani, hakuna bati linalogusana. Zinadumu vizuri mazingira yetu.

Padi ya kitambaa nayo inanyonya jasho na unyevu, msimu wa mvua mausi inakuwa nzito kama unaburuza kwenye mchanga. Ioshe kwa maji na sabuni kidogo, suuza, anika kivulini. Watu wananiletea mausi nzima kumbe padi ndo imechoka.

Mabawa

Kuhusu wayalesi, mie natumia G304, sensa yake ni HERO na inaripoti mara 1000 kama ya waya, sijawahi kuhisi inachelewa. Inakula betri moja tu ya AA, na hiyo kwetu ni faida kubwa maana umeme ukikatika mchana kutwa sina wasiwasi wa kuchaji, betri naipata duka lolote la mtaani hata usiku. Ubaya wake uzito, karibu gramu 99 ikiwa na betri.

Angalizo moja tu, utumie kile kidude chake cha USB, na ukichomeke karibu na mausi, siyo nyuma ya kompyuta kwenye waya zote zile. Na msidanganyike na mausi ya blutuuthi ya kawaida, hiyo kwa mashindano hapana, inachelewa.

Pongwe

Nauliza, mie nacheza PUBG ya simu kwenye kompyuta kwa emuleta, ile programu inayoigiza simu, hii mausi si itanipa ubabe?

Makorora, mwenye chumba cha gemu

Mdogo wangu, ukiingia kwa emuleta gemu inakutambua inakupanga na wenzio wa emuleta. Na mashindano ya PUBG Mobile yanachezwa kwa simu, mausi na kibodi haviruhusiwi. Kama lengo lako ni mashindano ya simu hiyo hela weka kwenye simu.

Hata kwenye kompyuta kuna mipaka. Agosti 2024 Valve, wenye CS2, walipiga marufuku kwenye seva zao ule uwezo wa baadhi ya kibodi unaokusaidia kusimama papo hapo ukibadilisha upande, wanataka mkono wako ndo ufanye. Makro za mausi, yaani kubonyeza mara moja ikafanya vitendo kadhaa, nazo ni hivyohivyo, timu yangu sitaki kuona mtu kaziwasha.

Raskazoni

Mnasahau pingi, ule muda wa kwenda na kurudi kati ya kompyuta yako na seva. Seva za CS2 zilizo karibu na sisi ni Johannesburg na Dubai, na zote mbili ni mbali, hakuna mausi inayofuta huo umbali. Mnakumbuka Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, nchi nzima intaneti ilikuwa ya kubahatisha, ule muda hata bingwa wa dunia angepigwa na mtoto wa jirani.

Ila kwa mashindano ya chumba kimoja mkiunganishwa kwa waya pingi ni kama hakuna, na hapo ndo vitu vidogo kama mausi na skrini vinaanza kuonekana. Kwa hiyo mleta mada, kama mashindano yenu ni ya hapahapa Tanga kwa Makorora, swali lako lina maana kuliko la mtu anayecheza mtandaoni peke yake.

Mabawa

Na waya wa G102 mkuu ndo unaokuudhi, siyo uzito. Ufunge juu kidogo usiburuzike mezani, mie kabla ya kuhamia wayalesi nilikuwa naubana juu ya skrini kwa kibanio cha nguo, ukawa haunivuti tena.

Mleta mada, Ngamiani

Nashukuru sana wakuu, nimesoma zaidi ya mara moja.

Dada wa Usagara, nimejiangalia leo nikicheza, nalaza kiganja chote, na mkono wangu ni mrefu kidogo, sentimita 19. Kwa hiyo mausi nyepesi naiweka pembeni kabisa kwa sasa. Hela inaenda kwenye skrini ya 144, kompyuta nimeipima inatoa fremu zaidi ya 150 nikishusha mipangilio ya picha, kwa hiyo haitakaa bure. Padi kubwa ya kitambaa naichukua kesho, na waya nishaubana.

Ikibaki akiba ndo nitafikiria mausi, lakini nitatafuta yenye umbo kubwa kuliko G102, siyo nyepesi zaidi. Kaka wa Makorora, kama hutajali nitakuja Jumamosi nizishike zote ulizonazo pale kabla sijaagiza chochote, na fundi naomba niambie unafungua saa ngapi, kuna mausi ya mdogo wangu inahesabu mara mbili.

Karibu na Mkwakwani, fundi

Saa tatu asubuhi nipo. Ilete na kile kidude chake cha USB kama ni ya wayalesi, wengi mnakisahau nyumbani nashindwa kuijaribu.