Ndoto katika riwaya ya katuni ya David B. tuzisomeje?

Msomaji wa Usiku:
Wanajukwaa, habari zenu. Juzi nimemaliza «L'Ascension du haut mal», riwaya ya katuni ya Mfaransa David B. iliyotoka kwa juzuu sita kati ya 1996 na 2003, ambamo anasimulia utoto wake pamoja na kaka yake Jean-Christophe, mgonjwa wa kifafa. Kurasa zimejaa majeshi, majoka na mzuka wa babu mwenye mdomo mrefu wa ndege. Je, ndoto hizo zinatusogeza karibu na mgonjwa, au zinatuficha asionekane? Nimeshindwa kuamua.

Wino Mweusi:
Ndugu, kwangu mimi zinatusogeza. Kifafa chenyewe hakionekani. Tunachokiona ni mtu aliyeanguka. Mchoraji amekipa mwili wa joka refu linalojipenyeza kati ya watu wa nyumba hiyo na kuwafuata popote wanapokwenda kutafuta tiba, hata katika zile jumuiya za makrobiotiki, yaani za watu wanaojitibu kwa mlo wa nafaka na mboga, ambako wazazi waliwapeleka watoto wakiwa na matumaini makubwa. Tena kila kitu kimechorwa kwa weusi na weupe mtupu, kwa hiyo ndoto na mchana vina wino uleule, na familia ile nadhani iliishi hivyo hasa.

Mwana wa Karatasi:
Nakubali, ila kuna jambo linaloniuma. Mdogo mtu alijikinga kwa kuchora vita vya Genghis Khan, yule mtawala wa Wamongolia, karatasi baada ya karatasi, na mwaka 1990 akaanzisha L'Association, shirika la kuchapisha katuni, pamoja na wachoraji wengine ambao kazi zao hazikulingana na matakwa ya wachapishaji wakubwa. Aliyekuwa mpweke akapata wenzake, ilhali kaka yake alibaki na ugonjwa. Hata hivyo sioni kwamba kitabu kinamficha. Rudi mwanzo kabisa, mwaka 1994, ndani ya bafu la wazazi: Jean-Christophe anaingia, amenenepa, meno ya mbele hana, kisogo kimepoteza nywele kwa sababu ya kuanguka mara nyingi, na mdogo wake hamtambui mara moja. Hapo hakuna joka.

Msomaji wa Usiku:
Ahsanteni sana. Ukurasa huo niliupita haraka, nikiwa na hamu ya kuyafikia majoka. Leo usiku nitauanza upya, polepole.