Sanduku la kikundi halifunguki tangu mahubiri yatugawe, naombeni ushauri

MkeWaFundi, Muheza
Habari zenu kina mama na kina dada. Nimeishiwa mbinu.

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kina wanawake 24, Waislamu na Wakristo karibu nusu kwa nusu. Tunakutana Alhamisi jioni chini ya mwembe wa kanisani. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo wanashika watu watatu. Mmoja wao ni jirani yangu, Mwislamu. Wiki ya sita hii haji, na kuna mwenzetu anasubiri mkopo wa unga na mafuta ya maandazi.

Chanzo ni binti wa kidato cha pili aliyekuwa ameshatolewa mahari. Tulikwenda kwa mtendaji wa kata, harusi ikasimama, tukarudi tunaimba. Ijumaa iliyofuata khatibu akasema kikundi chetu kinapigana na sheria ya Mungu. Msidhani ni upande mmoja tu: mchungaji wa kanisa la hema naye kawakataza waumini wake kuchanganya fedha na wasioamini, tena akasema mke anayekwenda serikalini bila ruhusa ya mume ni mwasi. Wanne sasa wanadai hisa zao.

Turudije pamoja bila mtu kuona dini yake inashambuliwa?

BintiMakunduchi, Unguja
Pole sana dada. Mimi ni msaidizi wa sheria, na naandika kama Mwislamu.

Khatibu huyo hajibiwi na wewe. Anajibiwa na Mwislamu mwenzake, kwa Qur'ani. Surat An-Nisaa aya ya 6 inataka yatima wajaribiwe hata wafikie umri wa kuoa, na wakionekana wamepevuka akili ndipo wakabidhiwe mali zao. Sasa mtoto ambaye hajaaminiwa kushika shamba lake, anaaminiwaje kushika nyumba na mume? Hoja hii nimeitoa mbele ya masheikh, na wapo walionyamaza wakaifikiria. Wanawake wa Musawah, mtandao wa Waislamu wanaodai usawa katika ndoa na familia, waliokusanyika Kuala Lumpur mwaka 2009 kutoka nchi 47, wanakwenda kwa njia hiyohiyo: hawasemi dini iwekwe kando, wanasema uadilifu umo ndani yake. Wa hema waachieni kina mama wa kanisa, wana Biblia zao.

Ila nina swali. Kwa mtendaji nani alisema, na alisema nini?

MkeWaFundi
Hapo umenigusa. Nilisema mimi. Nilimwambia mtendaji, "Hawa wenzetu dini yao inaruhusu, ndiyo maana tumekuja nao." Jirani yangu alikuwa amesimama kulia kwangu. Hakutamka neno mpaka tunafika nyumbani.

MwalimuMstaafu, Korogwe
Binti yangu, ulikosea mara mbili, maana hata kisheria si kweli. Iliyoruhusu ni Sheria ya Ndoa ya 1971, vifungu vya 13 na 17: msichana wa miaka 15 aliweza kuolewa kwa idhini ya wazazi, awe wa dini yoyote. Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alivipinga Mahakama Kuu akashinda Julai 2016. Serikali ikakata rufaa, na miongoni mwa hoja zake ikasema sheria ile inazingatia mila na dini. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaikatalia: umri uwe 18, wa kike na wa kiume.

Kwa huyo wenu kuna jingine pia. Tangu 2016 Sheria ya Elimu inakataza kumwoa mwanafunzi, na kifungo chake ni miaka 30. Waelezeni wanachama hivyo, Waislamu na Wakristo wakiwa wamekaa pamoja.

DadaWaLikoni
Sisi Kenya tulipasuliwa hivyohivyo 2010. Makanisa mengi yaliipinga katiba mpya kwa ajili ya Mahakama za Kadhi na suala la kutoa mimba. Tuliokuwa meza moja tukidai haki sawa kwa mke na mume, ile ambayo sasa iko Ibara ya 45, tukaanza kuulizana, "Kwani wewe uko upande gani?"

Kilichotushika ni kukubaliana mapema nani atasema nini. Mimi Mkristo sizungumzi habari za Kadhi hadharani mpaka mama wa Kiislamu aniombe. Lakini akitukanwa yeye, sote twaenda kwake siku hiyohiyo. Na huo mwembe wa kanisani, mama, hebu uacheni.

MkeWaFundi
Shikamoo mwalimu. Nimetoka kwa jirani yangu sasa hivi.

Nilimkuta anakuna nazi, hakuniambia kaa. Nikakaa jamvini, nikamwambia nililosema lilikuwa baya na halikuwa kweli. Aliendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki kitupu. Kisha akasema habari za yule binti yeye ndiye aliyezileta kikundini, na siku ile nikamfanya mshitakiwa mbele ya mtendaji. Sikuwa na la kujibu.

Alhamisi atakuja na ufunguo, tukikutana darasani shule ya msingi. Kwa khatibu atakwenda yeye na wenzake wawili, na amesema mimi nisifuatane nao. Mimi na kina mama wawili wa kanisani tunakwenda Jumapili kwa wale wanne wanaodai hisa. Aya uliyoitaja BintiMakunduchi nimemwandikia kwenye karatasi, akaifunga kwenye pindo la khanga. Wa maandazi nimeshamwambia aandae mahesabu ya unga.